Mwendesha baiskeli aonekane: fulana, ukanda wa mguuni na taa kwa mfanyakazi wa zamu



Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kuandika juu ya mishahara, likizo na barua za kuachishwa kazi. Safari hii tunaandika juu ya njia, yaani mwendo wa kutoka nyumbani hadi langoni na kurudi. Wengi wetu tunakwenda kazini kwa baiskeli: anayekata katani Vipingo, anayepakia shehena Changamwe, anayelinda ghala Miritini. Kwetu pwani jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au kupita kidogo, na jioni hutua karibu na saa hizo hizo, mwaka mzima. Likishatua, giza halichelewi. Kwa hiyo zamu ya saa kumi na mbili asubuhi humtoa mtu nyumbani saa kumi na moja, gizani, na zamu inayokwisha saa nne usiku humrudisha gizani. Saa hizo hakuzipanga mfanyakazi.

Wasomaji wetu wengi ni watu wa Kudha, Chovai, Chula na Kismayu, au watoto wao, waliokuja upande huu baada ya vita vya 1991. Wazee wao walifanya kazi katika kiwanda cha nyama cha Kismayu na wengine katika shamba la sukari la Mareerey, lakini asili yao ni watu wa bahari. Hao hatuna haja ya kuwafundisha maana ya kuonekana usiku. Mvuvi wa Kudha akiwa nje na mashua yake, akisikia mngurumo wa meli, hangoji ajue nahodha wa meli ni mtu wa namna gani. Huinua taa. Hata sheria ya kimataifa ya kuzuia meli kugongana, ile ya mwaka 1972, inasema hivyo hivyo: chombo kidogo cha tanga au cha makasia, kama hakiwezi kubeba taa kamili, kiwe na tochi au fanusi tayari mkononi, nayo ioneshwe mapema ili wasigongane. Tulitie mkazo neno mapema. Taa inayooneshwa meli ikiwa imeshafika haina faida.

Barabarani mambo ni yale yale, ila huku mashua ni baiskeli na meli ni lori la makontena linalotoka bandari ya Kilindini. Ajabu ni kuwa mtu yule yule asiyethubutu kutoka baharini bila taa hupanda baiskeli saa kumi na moja alfajiri na shati la kahawia, suruali nyeusi, na taa iliyokufa tangu mwaka juzi.

Tumeshazika mwenzetu mmoja kwa sababu hiyo. Alikuwa anatoka zamu ya usiku katika kiwanda ambacho hatukitaji hapa. Dereva wa lori alisimama, akashuka, akakaa chini kando ya njia akalia. Neno alilolirudia kwa askari lilikuwa moja tu: sikumwona. Wapo waliokasirika na neno hilo. Sisi tulilifikiri sana, tukaona kuwa huenda alisema kweli tupu, na kwamba tukitaka kuzuia mazishi mengine ni lazima tuelewe kwa nini dereva mwenye macho mazima na taa zinazowaka hamwoni mtu aliye mbele yake.

Tupige hesabu. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akiona kitu, huchukua kama sekunde moja na nusu kukitambua na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Hapo lori limeshakwenda mita 33 na halijaanza kupunguza. Kisha breki zikishika vizuri, lami ikiwa kavu, lori lililobeba mzigo litahitaji mita 50 hivi kusimama. Jumla ni zaidi ya mita 80, yaani karibu urefu wa uwanja wa mpira. Sasa angalia upande wa pili wa hesabu. Dereva anayetumia taa za chini, kwa kuwa kuna magari yanayomkabili, humwona mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 30 hivi mbele yake, na pengine karibu zaidi. Anahitaji mita 80, anapewa 30. Mguu wake haujafika kwenye breki, ajali imeshatokea. Hata akiwa dereva mwema, hata akiwa hajanywa, hesabu haikubali. Aliyevaa reflekta nzuri huonekana mita 150 au zaidi. Hapo dereva anapata nafasi ya kukata kona kidogo na kupita, na hakuna atakayejua kuwa palikuwa na hatari.

Reflekta ni nini basi? Wengi hudhani ni rangi inayong'aa. Sivyo. Nguo nyeupe, kama kanzu ya Ijumaa, huutawanya mwanga wa taa ya gari kila upande, na sehemu ndogo tu hurudi kwa dereva. Kioo nacho huurusha mwanga upande mmoja, na mara nyingi upande huo hauna mtu. Reflekta hufanya jambo tofauti: ndani yake mna chembe ndogo sana za kioo, au vipembe vidogo vya plastiki, ambavyo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka. Ulitoka kwenye taa ya lori, utarudi kwenye lori, na dereva amekaa juu ya taa ile. Jicho la paka usiku hufanya kazi karibu hivyo hivyo, na ndiyo sababu Mwingereza mmoja, Percy Shaw, alipotengeneza vile vidude vya katikati ya barabara mwaka 1934, vikaitwa macho ya paka.

Ile rangi kali ya manjano au ya machungwa kwenye fulana za barabarani ina kazi nyingine. Hiyo hukamata miale ya jua ambayo macho yetu hayaioni, ikaigeuza kuwa mwanga tunaouona. Mchana, na hasa alfajiri kunapopambazuka au wakati wa mvua, inasaidia sana. Usiku wa manane, mbele ya taa za gari, ni kitambaa tu. Kwa hiyo fulana ya manjano isiyo na mistari ya reflekta ni nusu ya kazi, na anayekuuzia fulana hiyo akikwambia inatosha usiku, mwambie aivae yeye.

Katika soko kuna fulana za bei rahisi zenye mstari wa kijivu unaofanana na reflekta lakini si reflekta. Kuipima hakuhitaji fundi. Usiku itundike fulana ukutani, rudi nyuma hatua 30, shika tochi kando ya jicho lako, usawa wa sikio, uimulike. Mstari ukiwaka mweupe kama taa, ni mzuri. Ukibaki kijivu, umenunua pambo. Tochi isishikwe kiunoni, maana mwanga utarudi kiunoni na wewe utasema reflekta ni mbovu kumbe ni nzima. Fulana zilizotengenezwa kwa kipimo cha kimataifa huwa na kibandiko ndani chenye nambari 20471, na kibandiko hicho hicho mara nyingi hueleza ifuliwe mara ngapi kabla reflekta haijachoka. Tumeona vijana wa bodaboda wenye fulana zilizofuliwa na kuanikwa juani mpaka mistari imebambuka kama rangi ya dau la zamani. Sheria ya Kenya inawataka waendesha pikipiki wavae fulana ya reflekta na kofia ngumu, nao wamevaa, askari ameridhika, lakini taa ya gari haina cha kurudisha.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mahali pa kuvaa reflekta ni muhimu kuliko ukubwa wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, Australia, walitoa mwaka 2012 matokeo ya jaribio lao. Waliwapitisha madereva usiku katika barabara iliyofungwa, wakaweka waendesha baiskeli wakipiga pedeli wakiwa na mavazi mbalimbali. Aliyevaa nguo nyeusi alitambuliwa mara 2 katika 100. Aliyevaa fulana ya rangi kali isiyo na reflekta, mara 15. Aliyevaa fulana yenye reflekta, mara 50. Na aliyevaa fulana hiyo pamoja na mikanda ya reflekta kwenye vifundo vya miguu na magoti, mara 90. Soma tena: kutoka 50 hadi 90 kwa mikanda midogo tu!

Sababu ni kwamba kifua cha mwendesha baiskeli hakitikisiki. Dereva akiona mstari unaong'aa umesimama tuli, anaweza kudhani ni kibao cha barabarani au boma la ujenzi. Lakini mguu unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, na jicho la binadamu likiona mwendo huo linajua papo hapo kwamba pale pana mtu. Tena taa za chini za gari humulika chini, na mguu uko chini. Basi kama una fedha za kitu kimoja tu, nunua mikanda miwili ya vifundoni kabla ya fulana. Ukanda huo una faida ya pili anayoijua kila mwenye baiskeli ya mzigo: huzuia upindo wa suruali usiliwe na mnyororo.

Nchini Denmark walijaribu kwa njia nyingine. Kati ya 2012 na 2013 waendesha baiskeli karibu 6,800 waligawanywa mafungu mawili, moja likapewa jaketi ya manjano ya kuvaa mwaka mzima, jingine likaendelea kama kawaida. Waliovaa jaketi walipata ajali za kugongana na wengine na kuumia pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Hiyo ni nchi yenye njia za baiskeli zilizotengwa na taa za mitaani. Kwetu tusiokuwa na hayo, hatuoni kwa nini faida iwe ndogo.

Ukanda wa tatu uwe wa mkononi, na huu ndio chombo cha kutoa ishara. Mwendesha baiskeli hana indiketa, indiketa yake ni mkono. Mchana ukinyoosha mkono, wa nyuma anajua unakata. Usiku mkono mweusi katika shati jeusi hauonekani, na wewe unaamini umetoa ishara. Ukanda wa reflekta kwenye kiwiko cha mkono, karibu na kiganja, huifanya ishara ionekane. Na hapa tunawaonya hasa wageni wa kutoka Kismayu. Somalia gari hushika kulia, Kenya na Tanzania gari hushika kushoto. Aliyezoea kule, akiwa amechoka na zamu, hugeuza shingo upande usio wake anapotaka kukata njia. Huku magari yanayokupita yanapita kuliani kwako, kwa hiyo kama una ukanda mmoja tu, ufunge mguu wa kulia na mkono wa kulia. Kule Kismayu ni kinyume chake, kushoto.

Taa nazo zisisahauliwe, kwa kuwa reflekta haina mwanga wake yenyewe. Inangoja kumulikwa. Gari linalotokea kwenye njia ya pembeni taa zake zinatazama kwingine, na bodaboda asiye na taa hamuliki chochote. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Mkataba wa kimataifa wa barabara wa Vienna wa 1968 unataka hivyo, pamoja na reflekta nyekundu nyuma na kengele. Rangi hizo si mapambo. Kama vile nahodha akiona taa nyekundu ya chombo anajua ni ubavu wa kushoto, dereva akiona nyeupe anajua unamjia, akiona nyekundu anajua unakwenda. Vijana wanaofunga tochi nyeupe mgongoni wanamdanganya dereva. Taa ya dinamo ni nzuri kwa kuwa haitaki mawe ya tochi, ila ile ya kawaida huzimika baiskeli inaposimama, na njia panda ndiko unakosimama. Ndiyo maana tunasema reflekta na taa zivaliwe pamoja, kila moja ifanye kazi mwenzake anaposhindwa. Kile kitaa kidogo chekundu cha kubana kwenye mkanda au kwenye mkoba kinafaa sana, mradi shati lisikifunike. Na kofia ya reflekta isifunikwe na kanga ya baridi.

Juu ya kofia ngumu tutasema machache. Kofia ya baiskeli huilinda fuvu unapoanguka, na ni lazima kamba ya kidevuni ifungwe. Ikishapigwa pigo moja kubwa itupwe, maana povu la ndani limeshakufa hata kama nje inaonekana nzima. Wengi huvaa kofia ya ujenzi waliyopewa kazini. Ile ilitengenezwa kwa ajili ya kitu kinachokuangukia kutoka juu, haikutengenezwa kwa mtu anayeruka kutoka kwenye baiskeli. Ni afadhali kuliko kitambaa, lakini isikupe kiburi.

Wapo watakaosema siku hizi kuna mitambo. Ni kweli. Mwaka 2015 ilitangazwa kofia iitwayo Lumos yenye taa za kuonesha unakata kulia au kushoto, ukibonyeza kitufe. Bei yake ni zaidi ya dola 100 za Marekani. Wasweden walitengeneza kola ya shingoni, Hövding, ambayo mtu akianguka hufumuka kama puto ikazunguka kichwa. Desemba 2023 kampuni hiyo ilifilisika, baada ya mamlaka ya Sweden ya kulinda wanunuzi kusimamisha uuzaji wake. Hatuvidharau vitu hivyo. Lakini kifaa kinachotaka chaji kila siku, na fundi wake yuko Ulaya, si kifaa cha mkata katani. Ukanda wa reflekta hauna betri, hauna kitufe, na ukikatika unashonwa kwa uzi.

Kina dada na kina mama wengi hawapandi baiskeli, hutembea kandokando ya lami au hubebwa kwenye karia. Lakini buibui jeusi usiku ni giza juu ya giza. Tumezungumza na baadhi yao na wamekubali kwamba utepe wa reflekta ulioshonwa kwenye upindo wa chini, au kwenye mkoba wa chakula, hauvunji heshima ya vazi. Kule Finland, ambako baridi ni usiku mrefu, mtembea kwa miguu ananing'iniza reflekta ndogo ya plastiki kwenye koti, na sheria inamtaka afanye hivyo. Aliyeanzisha kidude kile, Arvi Lehti, kwanza alikusudia magari ya farasi.

Sasa nani alipe? Hapa ndipo chama kinapoingia. Waajiri wengi tuliokaa nao mezani hutujibu kwamba barabara si kiwanda. Jibu letu ni kuwa zamu ni ya kiwanda. Mkataba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Na Mkataba 121 wa 1964, kifungu cha 7, unazitaka nchi zieleze ni lini ajali ya njiani ihesabiwe kuwa ajali ya kazi. Sheria ya Kenya ya fidia ya 2007 inamhesabu kuwa kazini yule anayesafirishwa bure kwa gari lililotolewa na mwajiri na kuendeshwa na mfanyakazi wake. Wa baiskeli yake mwenyewe hakutajwa hapo. Mwelewe tofauti hiyo: wawili wametoka zamu moja, mmoja kwa basi la kampuni, mmoja kwa baiskeli, wakiumia katika kona moja familia zao hazitasimama sawa.

Kwa hiyo dai letu la kwanza ni basi la zamu ya usiku. Reflekta ni dai la pili, wala lisikubaliwe badala ya la kwanza. Mwajiri mjanja atatoa fulana mia moja, apigwe picha, basi lisahauliwe. Katika Mkataba wa Pamoja tunataka iandikwe: fulana moja yenye reflekta kila mwaka kwa kila mfanyakazi wa zamu za giza, mikanda miwili ya miguu na mmoja wa mkono, taa nyekundu ya nyuma, na ile iliyochakaa ibadilishwe bila makato ya mshahara.

Jambo moja zaidi mawakili wa wafanyakazi waliangalie. Kuna watu wa bima watakaosema marehemu hakuvaa reflekta, basi kosa ni lake. Tusikubali reflekta igeuzwe kuwa hukumu. Dereva bado anapaswa kwenda mwendo anaoweza kusimama ndani ya mwanga wa taa zake, na tajiri wa lori asimkalishe dereva usukanini saa kumi na nne. Madereva ni wafanyakazi wenzetu, nao wana chama chao. Tumekwisha waomba tukutane nao juu ya saa za kupita malori karibu na malango ya viwanda wakati wa kubadilisha zamu.

Wakati mazungumzo yanaendelea, fulana za zamani zenye mistari bado mizuri msizitupe. Zikateni utepe wa vidole vitatu kwa upana, ushonwe kuzunguka upindo wa suruali ya kazi, mbele na nyuma, usikatike ubavuni. Mwenye cherehani katika kila tawi ameombwa asaidie, na wajumbe wa malangoni wana tochi ya kupimia.